Ismaël na Pembe Inayobanduka

Mimi kazi yangu ni kubandika stika zisibanduke. Hiyo ndiyo kazi nzima. Nasafisha kioo kwa spiriti, nafuta, nafuta tena, natandaza stika polepole huku nikiisukuma hewa itoke, kisha napitisha dole gumba kwenye kila pembe. Pembe ndiyo adui yangu. Stika ikitaka kufa huanzia pembeni: vumbi linaingia, maji yanaingia, na mteja anarudi uso umemvimba. Kwa hiyo mtu akija kwenye stidio yetu hapa Sonatubes, Kigali, akasema anataka maandishi yake yaonekane yanabanduka, tena yuko tayari kulipia, mniwie radhi, mimi huyo namwona ana walakini kichwani.

Mtu huyo aliitwa Bayingana. Na aliyeangukiwa na mzigo wake sikuwa mimi, alikuwa kaka Ismaël.

Ismaël ndiye mchoraji wetu wa kompyuta. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Burundi, naye akazaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako hata paka hulia kwa Kiswahili. Mimi nimekulia Bwiza, mtaa wa jirani, ndiyo maana sisi wawili tunaongea Kiswahili kutwa na wenzetu wanatucheka. Kabla ya kompyuta Ismaël alikuwa mwandishi wa brashi. Alama za vinyozi, milango ya maduka, ubavu wa malori, vyote aliviandika kwa mkono, bila rula, akipiga mluzi. Halafu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, asubuhi tu. Baadaye ukawa hauchagui saa. Daktari alimwambia hautarudi ulivyokuwa.

Ndipo akajifunza kompyuta, mtu mzima, akiulizauliza bila haya. Kwenye kompyuta mkono ukiteleza unarudi hatua moja nyuma, na hakuna aliyeona. Kwenye brashi hakuna kurudi nyuma, na kwenye kisu changu cha kukatia stika juu ya gari la mtu ndiyo kabisa. Habari ya mkono aliijua yeye, mke wake kule nyumbani Batsinda, na mimi. Harriet, mwenye stidio, hakuijua. Yeye alijua tu kwamba Ismaël ni mpole na mzito wa kumaliza kazi.

Sasa Bayingana. Kijana wa makamo, amekulia Uganda, shati lake limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa anafungua duka la kahawa huko nyuma ya barabara kubwa ya Kicukiro, ukutani amepanga redio za zamani zisizoongea, na duka lenyewe ameliita KERA, yaani zamani zile. Alikuwa na mlango wa bati aliokwisha kuupaka rangi ya maziwa, na juu ya mlango huo alitaka jina.

"Mzee Ismaël," alisema, "mimi nataka iko na ile filingi ya zamani. Stika imekaa kwa mlango myaka mingi, sasa inaanza kutoka. Iko inatoka, lakini haiyatoka. Unanipata?"

"Nimekupata," akasema Ismaël.

"Ariko isitoke kweli. Ikuwe picha tu." Ariko ndiyo lakini ya Kinyarwanda.

Mimi nilikuwa nachambua mabaki ya stika pembeni, nikainua kichwa nimtazame vizuri mtu huyu. Hakuwa anatania.

Nilimwona Ismaël akiijenga. Alichora kibao chekundu kilichopauka, ndani yake KERA kwa herufi nene nyeupe, na ukingo mweupe kukizunguka, maana stika ya kweli ina ukingo. Kisha akaikata pembe moja akaiweka kwenye leya yake peke yake. Leya, kwa asiyejua, ni kama karatasi za plastiki zinazoonyesha ng'ambo, zimelaliana; ukisogeza ya juu, ya chini inabaki mahali pake. Pembe ile akaipinda, akaigeuza mgongo wa stika uonekane, wa kijivu, na chini yake akaweka kivuli. Nikamwambia, "Kaka, basi, imebanduka hiyo. Mimi hapa kidole kinaniwasha niirudishie."

Tukampelekea Bayingana kwenye simu. Akajibu: "Hapana. Hii iko ya kompyuta."

Kwani alitaka iwe ya nini, ya mkaa? Lakini mteja ni mteja. Ismaël akakaa tena. Akalainisha kivuli. Akakiongeza. Akakipunguza. Akabandua pembe mbili. Akabandua zote nne, kibao kikawa kama chapati iliyoungua kingo. Kila alichopeleka, jibu lilikuwa lile lile, iko ya kompyuta, iko ya kompyuta, mpaka nikaanza kuota maneno hayo. Na Bayingana hakuwa na lugha ya kusema kasoro iko wapi. Anaikunja pua, anasema, "Siwezi kukueleza, ila jicho linakataa." Mteja wa namna hiyo ni balaa. Anayesema "punguza nyekundu" unampunguzia. Anayesema jicho linakataa utampunguzia nini?

Marehemu mama yangu alikuwa akisema mchagua nazi hupata koroma. Huku Kigali nazi tunaziona kwa nadra, lakini wachaguzi tunao tele.

Halafu kulikuwa na Norman. Norman ni mtoto wa kaka yake Harriet, amemaliza masomo, ana kompyuta yake ndogo na kofia ambayo haivuliwi hata jua likiwa limezama. Siku moja alisogea nyuma ya kiti cha Ismaël akasema, "Mzee, kwa nini unajitesa? Hizi vitu ziko tayari kwa internet. Unaandika tu jina yako, inabanduka yenyewe." Akatuonyesha. Kweli, akaandika KERA, ikabanduka yenyewe, kufumba na kufumbua. Harriet akapiga makofi. Bayingana akaikataa hiyo pia, akasema ameshaiona kwenye baa moja Kampala, herufi tofauti, pembe ile ile. Mimi nilifurahi, sitaficha. Ila furaha ilikuwa fupi, maana Harriet hakukumbuka kwamba ya Norman imekataliwa. Alikumbuka kwamba ilikuwa ya haraka.

Alhamisi akamwita Ismaël mbele yetu sote. Harriet si mtu mbaya. Akifiwa mfanyakazi yeye ndiye wa kwanza kufika. Lakini ana pupa.

"Ismaël, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Ariko hii kazi imekaa hapa kama mgeni asiyetaka kwenda. Mimi naenda Kampala, iko harusi ya ndugu yangu, narudi wiki kesho Jumamosi. Bayingana akikataa tena, hiyo kiti nampa Norman. Wewe utatoka nje na Béatha, mubandike pamoja. Hakuna ubaya, kazi ni kazi."

Ismaël akasema, "Sawa, mama." Mkono wa kulia alikuwa ameuweka chini ya paja.

Nilihisi damu inanipanda. Kutoka nje na mimi! Kushika kisu chembamba, kukata stika juu ya rangi ya gari la mtu, mwenye gari amesimama hapo hapo anahesabu pumzi zako. Siku ya kwanza tu angechora mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa gari, na siku ya pili asingekuwa na kazi. Nilitaka kusema. Ismaël akanitazama, nikaishia kuifokea mashine ya kukatia ambayo haikuwa na kosa lolote.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mwambie tu habari ya mkono."

"Nikimwambia, dada, hata kiti hatanipa. Atanionea huruma, na huruma haina mshahara."

Akainama mbele ya skrini. Kisha akasema jambo ambalo tulipaswa kulifikiri tangu mwanzo. "Mimi sijapata kuitazama stika inayobanduka. Nachora ninavyodhani. Buyenzi herufi zangu zilikuwa za rangi, zilikuwa zinachunuka, hazibanduki. Inabidi niione yenyewe nipige picha."

Jambo dogo hilo, mtu angedhani. Nenda nje, tafuta stika inayobanduka, piga picha, rudi. Jaribuni Kigali muone, mji ambao uchafu hupigwa faini.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikwenda Nyabugogo, kwenye stendi ya mabasi, kwa hoja kwamba kama kuna kitu kichakavu mjini basi kiko pale. Alizunguka asubuhi nzima kati ya mabasi, wachukuzi wanampita na magunia, wapiga debe wanamvuta mkono kumpeleka Huye, yeye anachungulia vioo na ubavu wa magari. Stika zote zimelala. Iliyochakaa imeshakwanguliwa, na palipokwanguliwa pameshaoshwa. Mlinzi mmoja akamsimamisha.

"Unapiga picha ya nini?"

"Natafuta stika iliyobanduka."

"Iko wapi?"

"Ndiyo naitafuta."

Mlinzi akakasirika kwa niaba ya stendi nzima. "Hapa kwetu hakuna kitu kama hiyo," akasema, na akamzungusha mwenyewe, basi moja baada ya jingine, kumthibitishia kuwa hakuna. Na kweli hakukuwa na kitu.

Mwisho kabisa, karibu na wauza viazi wa jumla, Ismaël akaliona lori limetoka safari ndefu, matope mpaka kwenye vioo, na kwenye mlango wa dereva stika kuukuu inapepea pembe. Anasema moyo ulimruka. Akatoa simu, mkono unatetemeka, picha inatoka ukungu, akaushika mkono mmoja kwa mwingine. Dereva akamwona: mzee mwenye koti, amesimama mbele ya lori lake chafu, anapiga picha. Dereva akaruka chini, akaishika stika akaichana yote kwa mkupuo mmoja, akaikunjakunja akaitia mfukoni, akaanza kuomba radhi.

"Samahani mkubwa, nilikuwa naenda kuosha sasa hivi, kweli ya Mungu, usinipeleke."

"Irudishe!" Ismaël akapiga kelele. "Irudishe, ndugu yangu!"

Dereva akadhani ni mtego, akazidi kuomba radhi. Ismaël alirudi Batsinda na picha moja ya ukungu na nyingine ya mgongo wa dereva. Aliponisimulia kesho yake nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaona uso wake, nikaacha. Hakuwa akicheka. Ilikuwa Jumatatu tayari.

"Basi nitengenezee wewe," akaniambia. "Kata kibao kidogo, kibandike hapo dirishani. Jua la mchana litakibandua."

Nikakata, nikabandika. Jua likapiga Jumatatu yote. Haikubanduka. Jumanne mvua, halafu jua kali. Haikubanduka. Ismaël akawa anainuka kila mara kwenda kuichungulia, anarudi anakaa. Jumanne alasiri akageuka akaniambia kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Béatha, umeibandika vizuri!"

"Sasa ulitaka niibandike vipi?"

"Vibaya! Nimekuomba kitu kibaya!"

"Mimi vibaya sijui," nikasema, na mimi nimeshapandisha. "Nimeanza kazi hii nikiwa msichana, sijapata kubandika kitu kikatoka. Leo unataka nijifunze uzembe?"

Mpaka chai kila mmoja aliinamia kazi yake. Haikuwa haki, yeye kunikasirikia kwa kazi nzuri, na haikuwa haki mimi kumkasirikia mtu anayekaribia kutupwa. Nikainuka. Nikakata kibao kingine. Dirisha sikulisafisha. Nikachota vumbi jekundu kando ya barabara, nikalipaka pembeni kwa kidole, nikabandika stika juu yake kwa mkono uliolowa maji. Viputo vya hewa nikaviacha. Nawaambia, nilijisikia vibaya mwilini, nilitaka kwenda kunawa. Wateja walipita wakaona. Mmoja, mwenye pikipiki ya abiria, akaniambia, "Dada, leo unaumwa?"

Norman naye akataka kuitoa. "Shangazi akikuta hii atatuua. Inachafua sura ya stidio." Nikamwambia akiigusa nitamkata vidole kwa plota, ile mashine yetu ya kukatia. Akaenda kukaa.

Jumatano mchana pembe ikainuka. Ya juu, upande wa kulia, ambako vumbi lilikuwa jingi. Ismaël aliwahi kuiona kabla yangu. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya dirisha kama mtu aliyealikwa, na hakuinuka mpaka jua lilipohama ukuta. Hakupiga picha haraka. Alitazama.

"Njoo uone ujinga wangu," akaniita.

Akanionyesha. Kivuli chake cha kompyuta kilikuwa na unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Cha kweli kilianza kama uzi pale stika ilipokuwa bado imeshika, kisha kikapanuka na kufifia kadiri pembe ilivyokuwa mbali na kioo. Tena hakikuwa cheusi. Kilikuwa na rangi ya kile kilicho chini yake. Pembe yenyewe haikupinda kwa mstari mmoja. Ilishika hapa, ikaachia pale, ikaacha vimikunjo vidogo. Mgongo haukuwa kijivu kitupu, ulikuwa na vumbi letu jekundu limeganda kwenye gundi. Na pale stika ilipokuwa imekaa kabla ya kuinuka palibaki alama ya gundi, mpaka mwembamba mchafu. Mimi pembe kama hizo nimepigana nazo miaka yote, na sikuwahi kuona hata kimoja katika hivyo. Nilikuwa naziona na kuzifuta tu.

Akafanya kazi Jumatano hiyo na Alhamisi nzima. Pembe moja tu safari hii. Kivuli akakigawa leya tatu, kimoja chembamba, kimoja kipana, kimoja kama pumzi tu. Mkono ulikuwa mbaya siku hizo, labda kwa wasiwasi. Nilimwona akivuta mstari mmoja, unaruka, anarudi nyuma, anavuta, unaruka, anarudi nyuma, mara zisizo na idadi, na kila mara anapumua kwa pua. Hata mara moja hakuipiga meza. Mimi ndiye niliyeipiga meza.

Akaipeleka. Tukasubiri. Bayingana hakuandika, alikuja mwenyewe Ijumaa asubuhi. Akasimama mbele ya skrini, akanyoosha kidole akaigusa pembe. Kidole kikateleza kwenye kioo cha skrini. Akacheka peke yake.

"Mzee," alisema, "hii ndiyo. Hii iko yenyewe. Piga chapa leo leo, Jumamosi jioni nafungua."

Nilimkumbatia Ismaël mbele ya watu. Alikuwa amelowa jasho mgongoni.

Siku hiyo hiyo tukaichapa kubwa, kibao chekundu na nyuma yake rangi ile ile ya maziwa ya mlango, kipande kimoja kinachofunika bati lote. Nikaenda kuibandika mwenyewe. Nikasafisha bati mara mbili, nikatandaza, nikapitisha dole gumba kwenye kila pembe ya kweli. Nikarudi nyuma hatua chache kutazama, na ningeapa mlango ule una stika kuukuu inayotaka kuanguka. Bayingana hakuwepo, alikuwa amekwenda stendi kumpokea mama yake kutoka Nyagatare, aliyekuja kwa ajili ya ufunguzi. Nikafunga vifaa vyangu nikaenda nyumbani, nimeridhika.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Asubuhi Kigali nzima iko kwenye umuganda, kila mtaa unafyeka na kufagia mitaro yake, maduka yamefungwa. Tulifungua stidio baadaye, wote bado tuna udongo kwenye viatu. Harriet alikuwa amerudi. Ismaël alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati safi, anasubiri Bayingana apige simu kumwambia Harriet kazi imekwenda vizuri.

Bayingana akapiga. Harriet akaweka sauti ya nje.

"Harriet, kazi yenu imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Mama ameitoa."

Bayingana alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajui alie au acheke. Yeye asubuhi alikuwa chini kwenye mtaro na majembe pamoja na majirani. Mama yake, mukecuru, yaani bibi kizee wa watu, alibaki kufagia mbele ya duka. Akainua macho akaona mlango wa mwanawe, siku ya ufunguzi, majirani wote wako barabarani wanasafisha, una stika kuukuu inayobanduka. Akaona aibu. Akajaribu kuing'oa, haikushikika. Majirani wawili wakaja kumsaidia, mmoja akaleta maji ya moto, mwingine kisu cha jikoni. Wakaikwangua yote. Mkuu wa mtaa alipopita akawashukuru.

"Nimemwambia ilikuwa picha," Bayingana akasema. "Haelewi. Anauliza nani analipa pesa kuonekana mchafu. Sasa watu wanakuja saa kumi. Mnifanyie herufi za kawaida tu. Ilale. Isifanye kitu chochote."

Simu ikakatika. Harriet akamgeukia Ismaël taratibu.

"Alidhani ni ya kweli?"

"Naona hivyo," akasema Ismaël.

"Na majirani pia?"

"Hao ndio walioleta kisu, shangazi," akasema Norman, kwa mara ya kwanza bila kujishaua.

Harriet akakaa kitako. Akaitazama picha kwenye skrini, akaisogelea, akairudia. Mwishowe akasema, "Norman, leo unaenda na Béatha kubandika. Hiyo kiti iko na mwenyewe." Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkosesha Ismaël usingizi, na yaliisha kwa maneno machache. Nilitazama kama atafurahi. Alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

Akaandika KERA. Herufi nyeusi, nene, zimelala sawasawa. Hakuweka leya ya pili. Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi alipoipeleka, na jibu la Bayingana likaja kwa sauti, limechangamka: "Pafekti! Hii ndiyo. Si mngefanya hivi tangu mwanzo?"

Nilitaka kuitupa simu ya Harriet katikati ya barabara ya Sonatubes. Nilitaka pikipiki zote ziipitie. Ismaël alisema tu, "Mwambie asante," akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Nikaenda na Norman. Mlango ulikuwa umekwanguliwa mpaka bati limeng'aa sehemu sehemu, na pembeni pa mlango amesimama mukecuru mwenyewe, mwembamba, mkono wake mmoja umefungwa kitambaa. Nikasafisha, nikabandika zile herufi nyeusi. Hazikunisumbua hata kidogo. Mukecuru alisimama nyuma yangu wakati wote, akanena kwa Kinyarwanda kwamba sasa hii ndiyo kazi, na nimpelekee salamu aliyeandika, Mungu ampe maisha. "Yule wa kwanza," akaongeza, "alikuwa mvivu."

Mtu mzima hajibiwi. Nikasema ndiyo mama, asante mama, nikakusanya vifaa.

Jioni nilimkuta Ismaël peke yake, Harriet ameshaondoka. Alikuwa hajainuka kitini.

"Mukecuru alisemaje?" akauliza.

Ningeweza kumpa ile baraka. Ningeweza kumpa na ule uvivu. Nikakaa juu ya kasha la wino.

"Ana kitambaa mkononi," nikasema. "Ukucha umemvunjika. Nimemuuliza, akasema kabla ya kisu alijaribu kuinyanyua kwa ukucha. Akakosa. Akajaribu tena. Akadhani macho yake ndiyo yamezeeka, akaenda ndani kuchukua miwani, akarudi na miwani, akajaribu tena."

Ismaël akageuza kiti.

"Na miwani?"

"Na miwani, kaka."

"Pembe ile ile?"

"Ile ile."

Mkono ulikuwa unamtetemeka juu ya paja, wazi, na hakuuficha. Kisha akaniambia nirudie tangu mwanzo, pale mukecuru alipoinua macho na kuuona mlango. Nikarudia.